Mpango mkakati wa chama cha wanasheria wa mazingira: Somo la jalala la Tabata

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI atokaye Ubungo akiifuata Barabara ya Mandela kuelekea bandarini huchukua muda mfupi tu kufika Tabata. Leo hii Tabata ni makazi ya watu, maduka na shule, na kijana aliyekulia hapo anaweza asijue kwamba jina la mtaa wao limo katika vitabu vya sheria. Hapo ndipo lilipokuwa jalala kuu la Jiji la Dar es Salaam, na hapo ndipo ilipoanzia kesi ambayo wanafunzi wa sheria ya mazingira nchini hufundishwa hadi leo.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliifikisha Halmashauri ya Jiji mbele ya Mahakama Kuu wakilalamikia moshi, harufu na nzi. Walishinda. Mahakama iliiamuru Halmashauri isimamishe utupaji wa taka mahali hapo na kutafuta eneo jingine lisilohatarisha afya za watu. Halmashauri haikutekeleza amri hiyo kwa wakati, bali ilirudi mahakamani kuomba iongezewe muda. Mwaka 1991 Jaji Kahwa Lugakingira alilikataa ombi hilo. Alishangazwa na mamlaka ya umma kuthubutu kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira, na akaihusisha hali hiyo na haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano.

Wengi huisimulia habari hiyo na kuishia hapo, kwenye ushindi. Lakini taka hazikutoweka. Mwaka huo huo wa 1991 Halmashauri ilianza kuzipeleka Kunduchi Mtongani, eneo lililotengwa kwa makazi katika ramani ya mipango miji. Wakazi wa huko, Festo Balegele na wenzake zaidi ya mia saba, nao walikwenda mahakamani, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni katika Wilaya ya Temeke, na hatimaye, katika miaka ya 2000, zikapelekwa Pugu Kinyamwezi.

Kwa maneno mengine, kila mtaa uliopata watetezi uliusukuma mzigo kwenda kwenye mtaa ambao ulikuwa haujawapata. Hakuna aliyekosea kwa kudai haki yake. Kilichokosekana ni chombo cha kudumu ambacho kingeitazama Dar es Salaam nzima na kuuliza: tukishinda hapa, mzigo huu utaangukia wapi, na tumejiandaa vipi kwa siku hiyo?

Makala haya yanaeleza namna chama cha wanasheria wa mazingira chenye wanachama kinavyoweza kuandaa mpango mkakati, yaani mpango wa miaka mitatu hadi mitano unaokiwezesha kujibu swali la namna hiyo. Yamekusudiwa kwa viongozi wa vyama, wanachama wa kawaida, na wakazi ambao siku moja watahitaji kubisha hodi katika ofisi za vyama hivyo.

Kwa nini Ubungo

Wilaya ya Ubungo ilizaliwa mwaka 2016 ilipomegwa kutoka Kinondoni. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta na wakazi 1,086,912, idadi iliyoizidi ile ya Kinondoni yenyewe, ambayo ilikuwa 982,328. Ni wilaya yenye viwanda vya tangu miaka ya 1960, kikiwamo cha nguo cha Urafiki, yenye mitambo ya kufua umeme, yenye barabara kuu ya kwenda bara, na yenye vijito vinavyoteremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, ambalo hufurika mvua za masika zinapozidi. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilikuwapo hapo kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021.

Pamoja na hayo, Ubungo ina hazina ambayo wilaya nyingi hazina. Juu ya kilima kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha kwanza, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilikuwa cha sheria. Jirani yake kuna Chuo Kikuu Ardhi, penye wataalamu wa mipango miji na uhandisi wa mazingira. Kule Mabibo kuna Mtandao wa Jinsia Tanzania, asasi iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye uzoefu mrefu wa kukusanya watu kujadili mambo yao.

Hivyo ndani ya eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa daladala asubuhi moja, wapo wenye matatizo, wenye elimu ya sheria, na wenye vipimo vya maji na hewa. Kuwaunganisha watu hao watatu ndiyo kazi ya kwanza ya mpango mkakati.

Historia fupi ya vyama vya aina hii

Tanzania si mgeni katika jambo hili. Mwaka 1994 kundi la wanasheria, akiwamo Rugemeleza Nshala, liliunda Timu ya Wanasheria Watetezi wa Mazingira, ijulikanayo zaidi kwa kifupi chake, LEAT. Miaka michache baadaye timu hiyo iliwasaidia wanavijiji wa delta ya Rufiji kupinga mahakamani mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba ambao Serikali iliuridhia mwaka 1997 licha ya ushauri tofauti wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mradi huo haukutekelezwa, na mikoko ya Rufiji ikabaki.

Timu hiyo hiyo ilionja pia upande mchungu wa kazi hii. Ilipodai uchunguzi huru kuhusu tuhuma za vifo vya wachimbaji wadogo huko Bulyanhulu mwaka 1996, tuhuma ambazo Serikali ilizikanusha, polisi walipekua ofisi zake Novemba 2001, na mwaka uliofuata viongozi wake, Nshala na Tundu Lissu, wakafunguliwa mashtaka ya uchochezi. Atakayeandaa mpango mkakati bila sura inayohusu hatari za aina hiyo atakuwa ameandaa nusu ya mpango.

Wakati huo huo mazingira ya kisheria yalibadilika. Mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Kifungu cha 4 kiliweka wazi haki ya kila aishiye Tanzania kuwa na mazingira safi, salama na yenye kulinda afya, na kifungu cha 5 kikampa mtu uwezo wa kuchukua hatua za kisheria pale haki hiyo inapotishiwa. Wakazi wa Tabata walilazimika kuitafuta haki yao ndani ya haki ya kuishi. Wa leo wanaikuta imeandikwa.

Hatua ya kwanza: Chama ni cha nani

Chama chenye wanachama si sawa na ofisi ya wakili wala shirika lenye wafanyakazi na mfadhili. Mwenye chama ni mwanachama, na mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho. Kwa hiyo mpango hauanzi kwa kuandika dira. Unaanza kwa kufungua daftari la wanachama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na wanachama ndio mali ya chama.

Daftari lijibu maswali manne: ni wangapi waliolipa ada mwaka huu, ni wangapi wana sifa ya kusimama mahakamani, ni wangapi si wanasheria bali wataalamu wa maji, afya, misitu au ardhi, na ni wangapi wanaishi katika maeneo yenye matatizo ambayo chama kinadai kuyashughulikia. Swali hili la mwisho husahauliwa mara nyingi, nalo lina uzito wa kisheria kama tutakavyoona.

Baada ya daftari, wanachama waulizwe wanataka nini. Wakili kijana atataka uzoefu na kuelekezwa na wakubwa zake. Mhadhiri atataka taarifa za kesi na mahali pa kuchapisha maoni yake. Msaidizi wa kisheria wa mtaani, ambaye kazi yake ilitambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, atataka mtu wa kumpigia simu anapokutana na jambo lililomzidi kimo. Chama kinachowahudumia wafadhili peke yao huishia kuwa na wanachama wa kwenye karatasi.

Hatua ya pili: Kuitambua hali ilivyo

Wataalamu wa mipango hupenda kutumia jedwali la sehemu nne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Jedwali hilo lina manufaa iwapo litajazwa kwa ukweli. Kuandika "tuna wanachama mahiri" hakusaidii. Kuandika "tuna mawakili sita walio tayari kuchukua kesi moja kila mmoja kwa mwaka bila malipo" kunasaidia.

Pamoja na jedwali, chama kichore ramani ya matatizo kata kwa kata. Kwa Ubungo ramani hiyo ingeonyesha mahali majitaka yanapoingia mtoni, mahali mchanga unapochimbwa kingoni, nyumba zilizomo ndani ya bonde linalofurika, dampo zisizo rasmi, na karakana zinazomwaga mafuta machafu ardhini. Kando ya kila alama iandikwe mamlaka inayohusika: mtaa, kata, manispaa, mamlaka ya maji, mamlaka ya bonde, au msimamizi wa mazingira kitaifa. Malalamiko mengi hufa kwa sababu yalipelekwa katika ofisi isiyohusika na kukaa huko mpaka mlalamikaji akachoka.

Ramani hiyo isikome mpakani mwa wilaya. Maji ya Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe na kuishia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, na hayaulizi ni wilaya gani inayoyapitisha. Somo la jalala la Tabata ni hilo hilo.

Hatua ya tatu: Dira, dhamira na uchaguzi

Dira ni picha ya mahali tunapotaka kufika na dhamira ni kazi tutakayoifanya ili tufike. Zote mbili ziwe fupi kiasi cha mwanachama kuweza kuzikariri. Sehemu ngumu huja baadaye, nayo ni kuchagua.

Mpango mwingi uitwao mkakati huwa ni orodha ya kila jema linaloweza kufanywa: elimu kwa umma, utafiti, kesi, ushawishi wa sera, upandaji miti, mafunzo kwa waandishi, na kadhalika. Orodha si mkakati. Mkakati ni kuamua yapi tutayaacha. Chama chenye watumishi watatu kikichagua mambo matatu na kuyatimiza kitaacha alama. Kikichagua kumi na mbili kitaacha ripoti.

Kwa upande wa kesi, chama kiweke vigezo vya maandishi vya kuzikubali au kuzikataa. Je, jambo hili likiamuliwa litawanufaisha wengi au mmoja? Je, upo ushahidi wa kitaalamu, au tutategemea maneno matupu? Je, walioathirika wako tayari kuvumilia miaka kadhaa? Je, njia nyepesi zaidi, kama malalamiko kwa msimamizi wa mazingira au mazungumzo na manispaa, zimekwisha kujaribiwa? Na swali la Tabata: tukishinda, ni nani atakayebebeshwa mzigo, na je, maombi yetu mahakamani yanamjali?

Vigezo hivyo vina faida nyingine. Vinamlinda mkurugenzi asishurutishwe na mwanachama mwenye sauti kubwa, na vinamlinda mwananchi asikataliwe bila sababu.

Hatua ya nne: Kalenda ya sheria

Hapa chama cha wanasheria hutofautiana na vyama vingine vyote. Mpango wake hauna budi kufuata muda uliowekwa na sheria.

Anayetaka kuishtaki Serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliziingiza mamlaka za serikali za mitaa katika utaratibu huo. Mkazi anayekuja ofisini wakati tingatinga limekwisha kuwasha moto mtoni amechelewa, isipokuwa chama kiwe kimejiandaa kwa maombi ya dharura. Kwa hiyo mpango uelekeze nguvu katika kutambua miradi mapema, hasa katika hatua ya tathmini ya athari kwa mazingira, ambapo wananchi wana nafasi ya kutoa maoni kabla ya cheti kutolewa.

Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha nayo ina masharti yake. Mkataba wa Jumuiya, katika Ibara ya 30, humruhusu mkazi wa nchi mwanachama kufungua shauri, lakini ndani ya miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika au alipokifahamu. Mifano miwili inatosha kuonyesha uzito wa sharti hilo.

Mwaka 2010 asasi ya Kenya ya kutetea ustawi wa wanyama, ANAW, ilifungua shauri kupinga mpango wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama hiyo ilitoa zuio la kudumu dhidi ya barabara ya aina hiyo ndani ya hifadhi. Asasi ndogo, yenye hoja moja na iliyochagua mahakama inayofaa, ilifanikiwa.

Novemba 2020 asasi nne kutoka Uganda, Kenya na Tanzania zilifungua shauri kuhusu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Tarehe 29 Novemba 2023 kitengo cha awali cha mahakama kiliamua kwamba shauri hilo lilifunguliwa nje ya muda, hivyo hoja za mazingira hazikusikilizwa. Mtu anaweza kuunga mkono bomba hilo au kulipinga, lakini kwa mpangaji wa mikakati somo ni moja: tarehe moja katika kalenda inaweza kuwa na nguvu kuliko mamia ya kurasa za ushahidi.

Suala la nani anaruhusiwa kushtaki nalo liwekwe katika kalenda hiyo, kwa kuwa hubadilika. Nchini Kenya, mwaka 1989, Wangari Maathai alikataliwa na mahakama kupinga jengo refu lililokusudiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru, kwa hoja kwamba hakuwa na maslahi binafsi. Huku kwetu, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila mwaka 1993, Jaji Lugakingira, yule yule wa Tabata, aliufungua mlango kwa mwananchi kudai jambo la maslahi ya umma kupitia Ibara ya 26(2) ya Katiba. Kisha mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi na kumtaka mlalamikaji aambatishe kiapo kinachoonyesha jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe, na marekebisho hayo nayo yakapelekwa mahakamani kupingwa.

Mlango unaofunguliwa na kufungwa hivyo si wa kuutegemea peke yake. Ndiyo maana tulisema daftari lionyeshe wanachama wanaoishi katika maeneo yenye matatizo. Chama chenye mwanachama anayekunywa maji ya kisima kilicho kando ya mto mchafu kina mtu wa kuapa, sheria iwe imekaa hivi au vile.

Hatua ya tano: Fedha

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama kina wanachama 200 na ada ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Wakilipa 120, ambao ni asilimia 60, chama kitapata shilingi milioni 6. Mtumishi mmoja anayelipwa shilingi milioni 1 kwa mwezi anagharimu milioni 12 kwa mwaka. Kwa hiyo ada zote zinatosha kumlipa kwa miezi sita tu.

Hesabu hiyo huwafanya viongozi wengi kuidharau ada na kumkimbilia mfadhili. Ni kosa. Ada haikukusudiwa kuendesha kila kitu. Kazi yake ni kuyalipia yale ambayo mfadhili halipi, na kukifanya chama kibaki hai siku mfadhili anapoondoka. Mpango mzuri huitenga ada kwa ajili ya mambo machache: mkutano mkuu, ukaguzi wa hesabu, anwani ya kudumu na mfuko wa dharura wa kufungulia mashauri. Ruzuku ndizo zigharimie miradi.

Mpango pia uonyeshe wazi kiasi cha juu cha bajeti kinachoweza kutoka kwa chanzo kimoja. Chama ambacho mfadhili mmoja anabeba sehemu kubwa ya gharama zake hakina uhuru wa kuchagua kesi, hata kama mfadhili huyo ni mwema.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2005 na 2019, hudai taarifa za mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika kuweka wazi fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Chama kinachodai uwazi kwa wengine hakina udhuru cha kushindwa katika hili. Zaidi ya hayo, kasoro ndogo ya makaratasi ndiyo njia rahisi ya kukinyamazisha chama chenye maneno mazito.

Hatua ya sita: Uongozi na urithi

Kesi za mazingira huishi muda mrefu kuliko vipindi vya uongozi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walifungua shauri mwaka 2016 wakisaidiwa na asasi ya Phyllis Omido. Mwaka 2020 walitunukiwa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni miaka minane, mrefu kuliko mpango mkakati wowote wa miaka mitano.

Kwa sababu hiyo kila jalada la kesi liwe na mawakili wawili, mmoja mkongwe na mmoja kijana. Nakala za nyaraka zihifadhiwe sehemu mbili. Katiba ya chama iweke ukomo wa vipindi vya uenyekiti, na bodi isijazwe na waanzilishi peke yao. Vyama vingi nchini vimezikwa pamoja na waliovianzisha, si kwa ubaya wao bali kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani mwao.

Wanafunzi wa Mlimani wapewe nafasi rasmi katika mpango, isiwe ya kubeba mabango bali ya kusoma majalada, kuchukua maelezo ya wakazi na kuandika muhtasari wa hukumu kwa Kiswahili. Hukumu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mkazi wa Kibangu au Manzese aliyeshinda kesi ana haki ya kujua ameshinda nini.

Hatua ya saba: Kupima

Ufuatiliaji na tathmini ndiyo sura inayoandikwa mwisho, usiku, siku moja kabla ya kuchapisha. Matokeo yake ni viashiria vyepesi kuhesabu: semina ngapi, washiriki wangapi, vipeperushi vingapi. Vyote hivyo hupima jasho. Havipimi mavuno.

Chama kijiulize mambo mengine. Ni amri ngapi za mahakama zilizotekelezwa, si zilizotolewa tu? Tabata ilipata amri mwaka 1988, na miaka mitatu baadaye Halmashauri ilikuwa bado inaomba muda. Maji ya mto yakipimwa mahali pale pale kila masika na kila kiangazi, yanaonyesha nini? Ni malalamiko mangapi yaliyojibiwa na mamlaka ndani ya muda? Ni wanachama wangapi waliolipa ada mwaka wa pili baada ya kujiunga? Swali hili la mwisho ni kipimo cha uaminifu kuliko dodoso lolote.

Kila mwaka mkutano mkuu usomewe majibu, mazuri na mabaya, na uwe na uwezo wa kubadilisha mpango. Mpango usioweza kubadilishwa ni msahafu, na chama si dini.

Nini kiko hatarini

Huenda msomaji akaona kwamba madaftari, kalenda na vigezo ni mambo makavu yakilinganishwa na ujasiri wa kusimama mahakamani. Lakini wakazi wa Tabata walikuwa na ujasiri, wa Kunduchi Mtongani walikuwa nao, na sheria ilikuwa upande wao wote. Hata hivyo taka ziliendelea kusafiri kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, na waliokuwa wanyonge zaidi ndio waliokaa nazo muda mrefu zaidi.

Dar es Salaam ya mwaka 2022 ilikuwa na watu 5,383,728, na jiji linaendelea kupanuka kwenda Kibamba, Mbezi, Chanika na Kigamboni. Kila upanuzi unahitaji mahali pa kutupa, pa kuchimba, pa kupitisha maji na pa kujenga. Uamuzi wa mahali hapo utafanywa, ama na walioketi mezani mapema wakiwa na ramani na sheria mkononi, ama na mtaa ulio mnyonge kwa kukosa wa kuusemea.

Chama cha wanasheria wa mazingira kilichopanga vizuri hakiwezi kuzuia kila kosa. Kinaweza kuhakikisha kwamba atakayefuata baada ya Tabata hatakuwa peke yake, na kwamba atakapobisha hodi atakuta mlango, atakuta mtu, na atakuta jalada lake limekwisha kufunguliwa.